Tafiti mpya za kinga ya VVU tunazifikishaje kwa wahudumu hadi zimfikie mteja?

Muuguzi_Ziwa

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wote mlionizidi umri. Mimi ni muuguzi, niko kituo cha afya huku kanda ya ziwa, kazi yangu kubwa ni RCH (afya ya mama na mtoto) ila siku za kliniki nahamia CTC (kliniki ya wenye VVU) kusaidia. Mganga mfawidhi kanikabidhi CME (mafunzo ya wahudumu kazini) ya kila alhamisi asubuhi na kasema robo hii tuanze na kinga ya VVU. Nimefurahi kupewa, ila nimekaa chini nikaona kazi yenyewe sio ndogo.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Majuzi alikuja binti wa miaka 16 peke yake kutaka kupima, katokea shule, sweta la shule kalikunja kalitia kwenye mfuko asijulikane, mwenzangu aliyekuwa mapokezi akamwambia nenda kamlete mzazi. Binti hakubishana, akageuka akaondoka na hadi leo hajarudi. Sasa sheria ilirekebishwa tangu 2019, mwenye miaka 15 na kuendelea anapima kwa ridhaa yake mwenyewe. Mwenzangu si mvivu wala hana roho mbaya na watoto wa watu, ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa naye akamwambia, miaka yote hiyo. Na kama jambo la sheria ya nchi halijafika mapokezi, je matokeo ya utafiti uliochapishwa huko nje kwa kiingereza kigumu na ukigusa kuufungua wanadai dola?

Zamani kulikuwa na mradi wa wadau, wao ndo walikuwa wanatuletea slaidi na vipeperushi na group la WhatsApp walikuwa wanaliendesha wao. Pesa za Marekani ziliposimamishwa januari 2025 wale vijana wakaondoka, group likakaa kimya, na linki nyingi walizotuachia ukizibonyeza hazifunguki. Kwahiyo naomba mwenye uzoefu anisaidie, tafiti za bure nazipata wapi, na nikishazipata naziwasilishaje ili zitumike, maana sitaki watu wasaini mahudhurio wanywe chai waondoke. Halafu wenzangu wananiuliza sana hii sindano ya kinga ya VVU ya mara mbili kwa mwaka wameiona TikTok, nataka niwajibu kitu cha uhakika.

Mfamasia_Mwz

Hongera dada kwa kupewa hilo jukumu. Naanza na vyanzo maana hapo ndo watu wengi wanakwama wakati vya bure vipo.

Cha kwanza kabisa shika mwongozo wa taifa wa VVU wa toleo linalotumika sasa, mwombe DACC wako (mratibu wa UKIMWI wa wilaya) akupe nakala ya simu. Utafiti uwe mzuri vipi, pale dirishani unatoa huduma kwa mwongozo wa wizara, kwahiyo ukileta karatasi ya utafiti inayopishana na mwongozo waambie wenzako wazi kwamba hiki ndicho kilichoonekana kwenye utafiti na hiki ndicho tunachofanya kwa sasa, usiwachanganye. Cha pili, miongozo ya WHO yote ni bure, hakuna haja ya kulipa wala kuomba. Cha tatu ni PubMed Central, sio PubMed ya kawaida ambayo mara nyingi inakupa muhtasari tu, hii ya Central inakupa makala nzima. Kuna jarida la chama cha kimataifa cha UKIMWI linaitwa Journal of the International AIDS Society, lote liko wazi. Na kuna HINARI, ilianzishwa 2002 chini ya WHO, siku hizi iko ndani ya Research4Life, humo kuna majarida makubwa ambayo mtu binafsi angelipia, ila anayesajiliwa ni taasisi, kwahiyo ulizia hospitali ya mkoa au chuo cha uuguzi kilicho karibu nawe kama wamesajiliwa. Ukikosa kote huko mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe, adresi yake iko chini ya makala, wengi wanatuma na wanafurahi kwamba kuna mtu wa kituo cha afya anawasoma.

Kuhusu sindano. Inaitwa lenacapavir. Utafiti wa PURPOSE 1 ulifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, matokeo yakatoka 2024. Waliochomwa lenacapavir walikuwa 2,134 na hakuna hata mmoja aliyepata maambukizi. Waliopewa vidonge vile vya PrEP (dawa ya kinga kwa asiye na VVU) vya kila siku tulivyozoea walikuwa 1,068, wakaambukizwa 16. Marekani waliidhinisha juni 2025, na WHO wakaipendekeza tarehe 14 Julai 2025 kwenye mkutano wa Kigali. Inachomwa chini ya ngozi kila baada ya miezi sita, na mwanzoni mteja anameza pia vidonge siku ya kwanza na ya pili. Bei yake Marekani inapita dola 28,000 kwa mwaka, ila septemba 2025 ilitangazwa kwamba nakala za bei nafuu zitauzwa kama dola 40 kwa mtu kwa mwaka kuanzia 2027 kwa nchi 120 hivi. Hilo la bei waambie wenzako, maana mteja akisikia TikTok anakuja kuidai kesho asubuhi na mhudumu asiyejua anabaki kumfokea.

Nakushauri zile PDF zote uziweke kwenye group ili kila mtu asome kwa muda wake.

CO_Kisumu

Salamu kutoka Kenya dada. Nakubaliana na mfamasia karibu kote, ila hapo mwisho kwa PDF hapana. Sisi tulijaribu hiyo njia, group ikajaa mafaili na hakuna mtu alifungua. Mtu ametoka zamu ya usiku, bando ni yake mwenyewe, simu imejaa picha za watoto, atasoma kurasa arobaini saa ngapi?

Huku kwetu kilichobadilisha mambo ni kuanza na mteja. Tunatoa kisa kimoja cha wiki hiyo bila jina, bila namba ya faili, tunauliza ungefanya nini, watu wanabishana, halafu ndio unaleta utafiti unaojibu kile wamebishania. Dakika ishirini imeisha. Huyo binti wako wa miaka 16 ndiye kisa cha kwanza, usitafute kingine. Lakini usimtaje mwenzako aliyekuwa mapokezi, useme tu kituo fulani, ukimwaibisha mtu mmoja mbele ya wengine hakuna atakayeleta kisa tena.

Na usiwaletee zile tafiti zilizofaulu peke yake. Kulikuwa na utafiti wa kidonge cha PrEP cha kila siku unaitwa FEM-PrEP, wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, Bondo hapa karibu na sisi ilikuwa moja ya vituo. Ilisimamishwa 2011 kwa sababu waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa waliambukizwa karibu sawa, 33 upande mmoja na 35 upande mwingine. Walipopima damu wakakuta waliokuwa na dawa mwilini hawafiki asilimia 40. Wakati huohuo utafiti mwingine, Partners PrEP, ulikuwa unaendelea hapa Kenya na Uganda kwa jozi 4,747 za wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, kidonge kilekile kikapunguza maambukizi kwa asilimia 75. Wale wa Partners walijua wenzao wana virusi, wengi wa FEM-PrEP walijiona hawako hatarini. Nikisimulia hizo mbili pamoja wahudumu wanaacha kusema PrEP haifanyi kazi kwa wanawake, badala yake wanaanza kumuuliza msichana anaweka chupa wapi, nani anaiona, inalia akitembea nayo kwa mkoba? Hilo la chupa kulia si mzaha, kuna wasichana wameacha dawa kwa sababu hiyo. Wengine wanahamisha vidonge kwa kikaratasi na pamba. Mhudumu akilijua hilo anampa ushauri siku ileile ya kwanza.

Kitu kingine, wanawake waambiwe wameze kila siku kwa siku saba ndio wahesabu wamekingwa, na ile njia ya kumeza kabla na baada ya tendo WHO imeipendekeza kwa wanaume pekee. Hiyo nimeona wahudumu wakichanganya sana na ni kosa linaloumiza mtu.

Dkt_Mstaafu

Marahaba binti yangu. Nimewasoma vijana wangu nimefurahi.

Mimi nilikuwa kazini mkoani Mwanza miaka ya tisini mwanzoni. Kulikuwa na utafiti ambao wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa wadogo, uliofanywa na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), shirika la AMREF na wenzao wa chuo cha tiba za kitropiki cha London. Walichukua jamii 12 vijijini, sita wakaimarisha matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya kawaida vya serikali, yaani mhudumu anafundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zipo muda wote, msimamizi anapita, wananchi wanahamasishwa waje mapema. Baada ya miaka miwili waliopata maambukizi mapya ya VVU kwenye zile sita walikuwa asilimia 1.2, kwenye zile nyingine asilimia 1.9. Ikachapishwa 1995 na dunia nzima ikaizungumzia Mwanza. Angalia waliofanya kazi yenyewe ni nani, ni waganga wa zahanati na manesi, watu kama nyinyi.

Miaka minne baadaye zikaja habari za Rakai, Uganda, huko waligawa dawa kwa jamii nzima kila baada ya miezi kama kumi, mgonjwa na asiye mgonjwa, VVU haikupungua. Watu wakaanza kusema Mwanza walidanganya. Hawakudanganya. Rakai ugonjwa ulikuwa umeshaenea zaidi na kwa muda mrefu, vidonda vingi vilikuwa vya hepesi ambayo zile dawa haziigusi, na kule dawa iligawiwa kwa mzunguko wakati Mwanza mtu alitibiwa siku anayoumwa. Nasimulia hivi ili ukipeleka utafiti kwa wenzako usiwape asilimia tupu. Waambie waliofanyiwa ni kina nani, ugonjwa ulikuwa umefikia wapi, huduma ilitolewaje. Asilimia bila hayo mambo inamfanya mhudumu aahidi kitu ambacho kituo chake hakiwezi kukitoa.

Na uchague tafiti za watu wanaofanana na wateja wenu. Mtu wa kwenu akisikia Kisumu au Uganda anasikiliza zaidi kuliko akisikia San Francisco, na ana haki.

CO_Kisumu

Shikamoo daktari. Hilo ni kweli kabisa, tohara ilipita kwa njia hiyo. Utafiti wa hapa Kisumu ulikuwa na vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, na mwingine wa tohara huko Rakai ulikuwa ukienda pamoja nao, yote miwili ikasimamishwa desemba 2006 kwa sababu faida ilishaonekana, hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU inapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini Wajaluo kwa mila hatutahiri. Utafiti peke yake haungetosha, walikaa na wazee wa jamii, wakazungumza, na baadaye manesi wakafundishwa na kuruhusiwa kufanya wenyewe badala ya kungoja daktari. Bila manesi hiyo programu isingefika mashinani.

Mama_wa_Konga

Naombeni na mimi niseme ingawa sio mtaalamu. Mimi ni WAVIU mshauri (anayeishi na VVU na kuwashauri wenzake), naishi na VVU tangu 2009, nipo kwenye konga (umoja wa wanaoishi na VVU) ya wilaya yetu.

Mnaongea kufikisha tafiti kwa wahudumu na ni vizuri sana ila sisi tuliokaa kwenye benchi tunaona kinachofika na kisichofika. Mume wangu hana virusi. Mwaka 2011 tayari utafiti ulitoka kwamba mtu akianza ARV mapema anapunguza kumwambukiza mwenzake kwa asilimia 96. Mimi nilikuwa napima wingi wa virusi, nesi anaangalia karatasi imeandikwa chini ya 50 ananiambia mama unaendelea vizuri, ananirudishia kadi, anaita mwingine. Miaka inapita. Nyumbani mimi na baba watoto tunalala kwa woga, kila akipata homa mimi silali nawaza nimemuua mume wangu. Ile karatasi ilikuwa na jibu la woga wetu na yule nesi alikuwa ameishika mkononi, hakunisomea maana yake. Nimekuja kuambiwa na mwenzangu kwenye mafunzo ya konga kwamba virusi visipoonekana kwenye kipimo huwezi kumwambukiza mwenzako kwa ngono. Nililia pale pale mbele za watu.

Kwahiyo dada nesi kwenye hiyo CME yako tuite na sisi hata mmoja. Hatutakuja kulaumu. Tutakuja kusema hiki tumeambiwa hiki hatujaambiwa, nyie mtajua mada ya wiki ijayo ni ipi. Na waelimishaji rika wa mabinti waje, wao wanajua kwa nini mtu anaogopa dirisha lenu.

Mfamasia_Mwz

Pole sana mama na asante. Hili lako linatakiwa liwe mada ya pili mara tu baada ya ile ya binti. WHO wenyewe julai 2023 walisema waziwazi kwamba anayetumia dawa vizuri na virusi havionekani hana hatari ya kumwambukiza mwenza wake kwa ngono, na aliye na virusi chini ya 1,000 kwa mililita ya damu hatari yake ni karibu na sifuri. Nyongeza moja tu kwa Muuguzi_Ziwa kwa kuwa uko RCH, hiyo sifuri ni ya ngono, kwenye kunyonyesha hatari inakuwa ndogo sana lakini hatusemi sifuri, kwahiyo mtoto anaendelea kupewa dawa zake za kinga na kupimwa kwa ratiba. Usiache mtu atoke kwenye CME amechanganya hayo mawili.

Na kwa CO, nimekuelewa kuhusu PDF, nafuta kauli. Ukurasa mmoja wa kiswahili ubandikwe ukutani pale mhudumu anapokaa, PDF ibaki kwa mwenye kutaka kuchimba.

Maabara_Kijana

Swali dogo wakuu, hii ya kuchoma si itahitaji vipimo vikubwa vya DNA kabla ya kila sindano? maana kituo chetu tuna vipimo vya haraka tu, bioline na wenzake, sampuli ya wingi wa virusi tunatuma mkoani na majibu yanachukua muda.

Mfamasia_Mwz

Ndo uzuri wa pendekezo la 2025, WHO wamesema vipimo vya haraka vya kawaida vinatosha kwa sindano za kinga, ili vituo kama chako visiachwe nje. Muhimu mteja apimwe kila anaporudi, na umuulize kama wiki za karibuni kapata tukio la hatari. Kama tukio lina chini ya saa 72 huyo anaanzishiwa PEP (dawa za dharura baada ya hatari) ya siku 28 kwanza, habari ya PrEP inafuata baadaye.

Kingine, haya magroup. Nimeshaona mtu anapiga picha faili la CTC 2 zima lenye jina na kijiji anauliza "wakuu huyu nimpe nini". Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, yule mgonjwa ana majirani ambao ndugu zao wako kwenye group hilohilo. Weka umri, jinsia, dawa anazotumia, majibu ya vipimo. Basi.

Muuguzi_Ziwa

Jamani nashukuru sana, daktari mstaafu shikamoo tena, mama nimesoma maneno yako mara nyingi nikawasomea na wenzangu wawili wa zamu, mmoja alikaa kimya muda mrefu akasema kesho naanza kuwaeleza.

Nimeongea na mfawidhi leo. Alhamisi hii tunaanza na kisa cha binti kama CO alivyosema, bila kumtaja mtu, na kipande cha sheria nimekichapa herufi kubwa kitabandikwa mapokezi pembeni ya mzani ambapo kila mmoja anapita. Alhamisi inayofuata ni maana ya majibu ya wingi wa virusi, na mfawidhi kakubali WAVIU mshauri wetu aje akae nasi na azungumze kabla ya mimi, ila kaomba kwanza nikae naye tukubaliane nini anapenda kusema na nini abaki nacho mwenyewe. Baada ya hapo PrEP, nitazichukua FEM-PrEP na Partners pamoja. Kuhusu HINARI chuo cha uuguzi cha jirani wamesema wanayo, mkutubi kaniambia nipeleke orodha ya makala ninazotaka.

Swali langu la mwisho ni kwa mfamasia. Huku kwetu TB ni nyingi, wachimbaji wadogo wanakuja kila siku, siku hiyo sindano ikifika na mteja yuko kwenye rifampisini (dawa ya TB) inakuwaje?

Mfamasia_Mwz

Rifampisini inashusha kiwango cha lenacapavir mwilini, kwahiyo huwezi kumchoma kwa ratiba ya kawaida ukadhani kakingwa, maelekezo ya dawa yanataka nyongeza ya dozi. Mpaka hapo mwongozo wetu utakaposema tufanyeje, wa namna hiyo aongee na daktari wa CTC kabla ya kuanza, na kondomu ziwepo. Chuo kikuu cha Liverpool wana tovuti na app ya bure ya kuangalia dawa za VVU zinavyogongana na dawa nyingine, inaitwa HIV iChart, unaandika dawa mbili inakuonyesha rangi. Ipakue leo kwenye simu yako, na alhamisi mwambie kila mwenye simu aipakue palepale kabla chai haijaletwa.